Kamio ya umeme itaweza njia yako? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu mbele ya kutoa dola

Wenye kamio wa Lubumbashi na Kolwezi wananitumia hesabu zao za kamio ya umeme, na karibu zote zinaanguka pale pale: mutu anakamata kilomita zenye kuandikwa ku katalogi, anatoa bei ya mazutu, anapata faida nene, halafu swali yenye inabaki ni nani anauzisha. Wengine walishaagiza. Hii mambo inaniuma juu ni makuta ya familia, haiko makuta ya kampuni kubwa.

Basi hapa niliandika hatua zote, moja moja, na sababu yake. Usiruke hata moja, juu kila hatua inatumia namba yenye ilitoka ku hatua ya mbele.

## Vitu vya kukusanya kwanza

- Kaye ya mazutu: litre zenye uliweka na kilomita za kompteri, kamio moja, njia moja, miezi mitatu kwa uchache.
- Tikiti za pesaje, za kwenda na za kurudia.
- Fishe tekniki (karatasi ya vipimo yenye kampuni inatoa) ya kamio yenye wanakuuzishia, yote mzima. Picha ya WhatsApp yenye kuandikwa "500 km" haiko fishe. Unatafuta mambo ine: kWh za batri, aina ya batri, uzito wa kamio tupu, na kW zenye inaweza kupokea wakati wa kuchaji.
- Namba ya kVA (nguvu yenye transfo inaweza kubeba) yenye iko ku plaki ya transfo ya parkingi yako.
- Kaye ya kuranti: mwezi mzima, kuranti ilikuja saa ngapi, ilienda saa ngapi.
- Saa za safari: ulitoka, ulifika, ulisimama ku foleni saa ngapi.

kWh ni kilowati-saa, ile ile yenye SNEL, kampuni ya serikali ya umeme, inakuandikia ku fakitire; kW ni mbio ya umeme kuingia, kW 1 kwa saa moja njo kWh 1. Kama hauna kaye ya mazutu, simama hapa, anza kuandika leo, rudi kisha miezi mitatu. Hakuna njia ya mkato kwa hiyo.

## Hatua ya 1: Andika mzunguko, si kilomita za kwenda tu

Batri inahesabu tangu pale ulitoa prizi mpaka pale utairudisha. Ile yote njo mzunguko. Mutu mwenye kusema "njia yangu ni 90" wakati chaja iko Lubumbashi peke yake, njia yake ni 180, tena na kile kipande cha kutoka parkingi mpaka depo ya muzigo.

Njia tatu zenye watu wananiuliza sana:

Lubumbashi–Kasumbalesa, karibu km 90, mzunguko 180.

Kolwezi–Lubumbashi, karibu km 300 kwenda, kupitia Likasi yenye iko karibu 180 kutoka Kolwezi na 120 kutoka Lubumbashi.

Lubumbashi–Dar es Salaam, karibu km 2,000 kwenda tu, kupitia Kapiri Mposhi na mupaka wa Nakonde na Tunduma.

Andika ya kwako na useme kila kipande kiko na muzigo ao kamio iko tupu. Ukimaliza unapaswa kuwa na mustari moja tu, kwa mufano: "km 90 na muzigo, km 90 tupu, chaja moja, Lubumbashi."

## Hatua ya 2: Geuza mazutu yako kuwa kWh

Hapa njo watu wengi wanaangukia, tukae kidogo.

Litre moja ya mazutu iko na nguvu ya karibu kWh 10, lakini motere ya mazutu inatupa sehemu kubwa kama joto, yenye inafika ku magurudumu ni kidogo kuliko nusu. Kamio ya umeme inapeleka karibu 85 mpaka 90 kwa mia ya nguvu ya batri mpaka ku magurudumu, na kwenye mteremko inarudisha kipande ndani ya batri. Ukiweka hayo yote pamoja, kanuni ya kutumia mu kazi ni hii: litre za kila km 100, zidisha na 4, utapata kWh za kila km 100.

Angalia kama inasimama. Mercedes-Benz eActros 600 iko na batri ya kWh 621 na kampuni inasema km 500 na tani 40 kwa jumla, maana karibu kWh 1.2 kwa kilomita. Kamio ya mazutu ya uzito ule ku barabara nzuri za Ulaya inakunywa karibu litre 30 kwa km 100, mara 4 ni 120, ni ile ile 1.2. Kanuni inasimama.

Sasa weka ya kwako. Howo ao Shacman yenye muzigo, ku barabara zetu, tuseme inakunywa litre 45 kwa km 100: hiyo ni kWh 1.8 kwa kilomita. Ikiwa tupu tuseme 25: hiyo ni kWh 1.0. Kwa mzunguko wa Kasumbalesa: 90 × 1.8 = 162, na 90 × 1.0 = 90, jumla kWh 252.

Onyo mbili. Ya kwanza, kama mazutu inatoka mu tanki usiku na kuingia mu bido, kaye yako itaonyesha litre zenye kamio haikukunywa, na utanunua batri kubwa kwa ajili ya mazutu yenye iliibiwa. Linganisha kaye na shofere unayemuamini ku njia ile ile. Ya pili, kamio yenye inasimama ku foleni na motere inaunguruma inakunywa bila kutembea, hizo litre toa pembeni, juu kamio ya umeme ikisimama motere haikunywi kitu.

Tena milima. Kupandisha tani 56 mita 100 juu inakula karibu kWh 18. Lubumbashi iko ku mita 1,200 hivi na Kolwezi ku 1,400 na kitu, kwa hiyo kupanda Kolwezi na muzigo inaomba kWh 40 hivi zaidi, kushuka unarudishiwa kipande. Ku barabara ya vumbi ao ya matope usitumie namba ya lami kamwe, magurudumu inaomba nguvu mara mbili ao zaidi. Kama mgodi wako uko na km 30 za udongo, chukua mazutu ya kile kipande peke yake.

## Hatua ya 3: Pata batri ya kweli

kWh zenye ziko ku plaki hautazitumia zote. Acha karibu 20 kwa mia kama akiba: njia imefungwa, foleni, mvua, kamio imepinduka mbele na umezungushwa. Kwa hiyo plaki mara 0.8.

Kisha zidisha tena na 0.8 kwa ajili ya uzee, juu batri inapoteza nguvu pole pole na garanti nyingi zinakuahidi tu kwamba mwishoni itabaki 80 kwa mia. Njia yako lazima iingie ndani ya namba ya batri ya zamani. Ikiingia ndani ya namba ya batri mupya peke yake, kisha miaka fulani kamio itakuachia Kasumbalesa.

Kamio za China nyingi ziko na batri ya kWh 282, zingine 350, zingine 423. Tuzipime kwa ule mzunguko wa kWh 252:

282: mupya inakupa 225. Hapana, hata siku ya kwanza.

350: mupya 280, ndiyo. Ya zamani 224, hapana. Hii njo yenye inadanganya watu, juu siku ya kujaribu kila kitu kinaenda sawa.

423: mupya 338, ya zamani 270. Ndiyo, miaka yote.

Kolwezi–Lubumbashi na muzigo ni 300 × 1.8 = 540. Hata ile ya 621 ikiwa mupya inatoa 497. Basi bila chaja Likasi hiyo njia haiko, na ukiweka chaja Likasi kipande cha Kolwezi–Likasi kinaomba 324, chenye 423 inaweza ikiwa mupya tu.

Neno moja pembeni, juu watu hapa wanaliuliza kwa uchungu wa haki: batri hizo nyingi za kamio ni za LFP, lithiamu na chuma na fosfati, kobalti haimo ndani. Ni muhimu kwa bei yake na juu haishiki moto upesi kama zingine. Shaba ndiyo imo, na mingi.

## Hatua ya 4: Hesabu tani zenye utapoteza

Batri ya LFP inalemea karibu kilo 600 mpaka 700 kwa kila kWh 100. Ile ya 423 ni tani mbili na nusu ao karibu tatu. Unatoa motere, bwati ya vitesi na tanki lenye kujaa mazutu, halafu unaongeza motere za umeme, kwa hiyo hasara si batri yote. Usikisie: kamata uzito tupu ku fishe, toa uzito tupu wa kamio yako ku tikiti ya pesaje. Tofauti yake njo muzigo wenye hautabeba.

Zambia inakubali tani 56 kwa kamio na remorki pamoja, na pesaje zao hazicheki. Ulaya inaongezea kamio za umeme tani 2 kwa sheria, lakini zawadi hiyo usiihesabu hapa kama haujaiona ku karatasi yenye muhuri.

Kwa muzigo mwepesi wenye kujaza nafasi, hii hatua inapita bure. Kwa shaba inauma, juu kila tani ni makuta.

## Hatua ya 5: Kuranti

Watu wanaacha hii hatua mwisho, wakishalipa kamio. Ifanye mbele.

Wakati wa kuchaji karibu kipande kimoja cha kumi kinapotea njiani, kwa hiyo kWh 252 za batri zinakuwa karibu 277 ku kompteri ya SNEL. Ukichaji kwa muda wa masaa 8 kila usiku, gawanya: 277 kwa 8 ni karibu kW 35 kwa kamio moja. Kamio tano ni 175. Transfo ya kVA 250 inaweza, kama haina nyumba na garaje zingine zenye kuning'inia pale.

Sasa fungua kaye ya kuranti. Kama delestaje (kukata kuranti kwa zamu) inakuachia masaa 4 tu kila usiku, kWh zinabaki zile zile lakini lazima ziingie kwa nusu ya wakati, basi kW zinakuwa mara mbili: 350. Hapo transfo ya 250 imekufa, unatafuta ya 400 ao 630, kabo nene zaidi, chaja kubwa zaidi. Nimeona hesabu nzuri kabisa zikivunjikia hapa, juu mutu alihesabu kWh na hakuhesabu saa.

Umeme wetu unatoka ku maji, Nzilo na Nseke upande wa Kolwezi, Mwadingusha na Koni ku Lufira, na ile laini ya karibu km 1,700 kutoka Inga, na migodi inakunywa pale pale. Mwisho wa kiangazi maji yanapunguka. Kwa hiyo kaye ya mwezi wa pili peke yake itakudanganya, andika na mwezi wa kenda na wa kumi.

Pima pia volti mangaribi wakati kartie yote inapika. Zikianguka sana chaja itajikata yenyewe, na asubui utakuta kamio iko 40 kwa mia.

Grupu (jenereta) haiko suluisho. Grupu ya mazutu inatoa karibu kWh 3.4 kwa litre. kWh 277 zinakula litre 81. Kamio ya mazutu kwa mzunguko ule ule inakula litre 63. Umenunua kamio ya bei kali ili kuunguza mazutu zaidi. Grupu ni ya kuokoa usiku mumoja, haiko ya kila siku.

Jua je? kW 1 ya panele hapa inatoa karibu kWh 4 mpaka 5 kwa siku nzuri. Kamio moja inaomba kW 60 na zaidi za panele, na juu mchana kamio iko barabarani, unahitaji batri ya kusimama ya kuhifadhi. Inawezekana ku mgodi wenye uwanja. Ku parkingi ya kartie, ngumu.

Umefaulu hii hatua ukiwa na karatasi ya fundi wa umeme yenye kusema: transfo hii, saa hizi, kamio ngapi.

## Hatua ya 6: Foleni na wakati wa kuchaji

Kasumbalesa kamio inaweza kulala siku nyingi ku mustari. Shofere anahitaji taa, hewa ya baridi, simu: weka kW 1, maana kWh 24 kwa siku moja. Siku tatu ni 72. Ziongeze ku mzunguko ule wa 252 uone: 324, na batri ya 423 yenye ilizeeka (270) haifiki tena. Hapo unachagua kati ya tatu: kuzima hewa ya baridi, kuweka chaja Kasumbalesa, ao kuacha hiyo njia.

Kumbuka kamio ya mazutu ikiisha njiani kijana analeta bido ku pikipiki. Kamio ya umeme ikiisha ni kuivuta, na kuivuta tani 50 inalipwa.

Chaja ya kW 150 inatoa batri ya 423 kutoka 20 mpaka 80 kwa mia kwa saa 1 na dakika 40 hivi. Kutoka 80 mpaka 100 inaenda pole pole, usiipange mchana. China wanabadilisha batri mzima kwa dakika 5 hivi, ni kitu kizuri kweli, lakini inaomba batri za akiba na mashine ya kunyanyua, mutu wa kamio mbili hataiweza peke yake.

## Hatua ya 7: Barabara, maji na mafundi

Kwa kifupi. Uliza batri iko ku urefu gani kutoka chini, juu mashimo ya masika hayana huruma. Usioshe na maji ya presha karibu na prizi. Funika prizi ya kuchaji, vumbi yetu inaingia popote.

Kabo za rangi ya machungwa ni volti 600 mpaka 800, zinaua papo hapo. Sudere wa barabarani asiguse shasi ya hiyo kamio mpaka fundi mwenye kusomea volti kubwa akate batri. Kama muuzaji hana fundi huyo Lubumbashi ao Kolwezi, na hawezi kuandika ku kontra atafika kwa siku ngapi, usinunue. Hii moja haina majadiliano.

## Hatua ya 8: Sasa makuta

Weka bei zako, zangu ni za mufano tu: mazutu dola 1.5 kwa litre, umeme dola 0.10 kwa kWh.

Mazutu: 63 × 1.5 = dola 94.5. Umeme: 277 × 0.10 = dola 27.7. Unabakisha karibu 67 kwa mzunguko. Toa hapo tani zenye ulipoteza ku hatua ya 4.

Kisha hesabu makuta yenye utaongeza juu ya bei ya kamio ya mazutu: tofauti ya bei ya kamio, chaja, transfo, kabo, kazi. Tuseme jumla ni dola 100,000.

Mizunguko 12 kwa mwezi: unabakisha karibu dola 800, utarudisha makuta kwa miaka 10 na zaidi. Mizunguko 24: karibu 1,600, miaka 5 hivi. Kamio ni ile ile, njia ile ile, yenye inabadilika ni foleni tu. Kamio ya umeme inalipa wakati inatembea. Njo maana mgodi mpaka usini, safari mbili tatu kwa siku, na chaja ya mgodi, inaweza kulipa vizuri kabisa, wakati mupaka unaimaliza.

Na Dar? 2,000 × 1.8 ni kWh 3,600. Ukichaji kutoka 20 mpaka 80 kila mara na batri ya 423, ni kuchaji mara 14, na chaja za kamio nzito ku njia hiyo haziko zenye unaweza kuzipangia safari. Kwa leo jibu ni hapana, na mutu akikuambia tofauti muombe akuonyeshe zile chaja moja moja ku karta.

## Hatua ya 9: Jaribu na muzigo wa kweli, ao gawanya njia

Mbele ya kusaini omba kamio ya kujaribu. Muzigo wako, shofere wako, njia yako, juma nzima kama wanakubali. Kila kurudi andika kWh za kompteri ya chaja, si asilimia ya tablo. Linganisha na namba ya hatua ya 2 ukiiongezea kile kipande kimoja cha kumi cha hatua ya 5: tofauti ikiwa chini ya 10 kwa mia, hesabu yako inasimama. Ikipita 20, rudi ku kaye ya mazutu ao ku barabara ya udongo, njo kwenye makosa yanajificha.

Kama njia ni ndefu lakini kipande cha kwanza kinaingia, kuna kitu wachache wanafikiria: kichwa cha umeme kinavuta remorki mpaka parkingi ya Kasumbalesa, kinaiachia pale, kichwa cha mazutu kinaikamata na kusimama ku foleni na kuendelea Dar ao Durban. Kichwa cha umeme kinashika remorki yenye ilitoka kusini, kinarudi Lubumbashi siku ile ile. Foleni inakula wakati wa mazutu, umeme unatembea kila siku, na ile mizunguko 24 inaanza kuwezekana.

Inaomba vitu vitatu: parkingi yenye ulinzi upande wetu, remorki zenye piveti na hewa ya fre ya aina moja, na karatasi za duani zenye namba ya kichwa cha pili tangu mwanzo. Hiyo ya tatu umuone deklara wako, mutu wa karatasi za duani, mapema, juu kubadilisha namba ya kichwa wakati dosie iko ndani kutakula zile siku ulitaka kuokoa.